Wapishi vegani tunaosoma vitabu: sufuria ikiwa motoni wewe unasoma nini?

JikoNaKurasa (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nimekuwa napita humu kimya kimya muda mrefu, leo nimeona nilete uzi wangu maana kuna kitu kimebadilisha jioni zangu na sijaona mtu akikiongelea.

Mimi mwaka wa sita huu sili nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali, na karibu chakula changu chote napika mwenyewe nyumbani. Zamani nilikuwa mtu wa riwaya sana, nilipoanza kazi zikakatika taratibu. Nilikuwa najiambia muda hakuna, maana nikirudi ni jikoni, nikitoka jikoni ni simu, nikishika kitabu kitandani ukurasa wa pili tu usingizi huu hapa. Sasa kuna siku presha kuka iliharibika mpira, na maharage nilikuwa nimeshayaloweka tangu usiku, ikabidi niyachemshe kwenye sufuria ya kawaida, simu nimeiacha kwenye chaji chumba kingine, nikasema ngoja nishike ile riwaya iliyokuwa inakaa tu juu ya kabati. Nikavuta stuli nikakaa. Nakuja kuinua kichwa nimesoma kurasa 40 na kitu, jikoni kunanukia, maharage yameshalainika. Kurasa 40 kwa mkao mmoja nilikuwa sijazisoma labda miaka miwili.

Mpira wa ile presha kuka sikununua tena, kwa makusudi kabisa.

Hoja yangu ni hii. Mapishi yetu sisi, ya maharage na dengu na adesi na viazi, kwa sehemu kubwa ni kusubiri. Kazi ya mikono ni dakika 15 au 20, kinachobaki ni moto na maji vinafanya kazi yao. Watu wanaulalamikia sana huo muda, "kupika vegani kunachukua masaa", mimi naona huo muda ndo zawadi yenyewe, hakuna anayekudai kitu, huwezi kutoka nyumba maana moto unawaka, huwezi kulala, umekaa tu. Ukikaa na simu unapotea bure. Ukikaa na kitabu, kwa mwezi unakuta umemaliza riwaya mbili na hukutafuta muda popote.

Nimefika mahali sa hivi napanga chakula kwa kuangalia kitabu nilichonacho. Adesi nyekundu haziloweki, dakika 15 mpaka 20 zimeshapondeka zenyewe, hizo nazipika siku nikiwa na kitabu cha hadithi fupi, hadithi moja inaisha na mchuzi uko tayari. Adesi za kahawia ni kama nusu saa, hiyo ni sura moja ya kawaida. Dengu zilizolala kwenye maji usiku kucha zinataka saa moja, saa moja na nusu, hapo ndo naingia kwenye riwaya nene zile ambazo kurasa 20 za kwanza hujajua hata nani ni nani. Viazi na karoti na koliflawa vya kuoka kwenye oveni nyuzi 200 ni dakika 40, unavigeuza mara moja tu katikati, so nasoma mpaka mahali pazuri pa kukata, nageuza, narudi.

Karibuni, nataka kujua na nyie mnafanyaje. Unapika nini, unasoma nini (aina ya kitabu tu inatosha), na kama kuna mtu kitu kinamsumbua jikoni aseme tusaidiane.

---

Kifuniko_Wazi

Mleta uzi umenigusa aise. Ila swali kabla hatujaenda mbali, hizo adesi na dengu unazosema ni zipi? Maana sisi tukisema dengu tunamaanisha zile ndogo za kijani, kuna watu wengine dengu ni zile kubwa za mviringo.

JikoNaKurasa

Swali zuri mkuu, majina haya yanachanganya sana. Humu nikisema adesi namaanisha zile bapa kama vifungo vidogo, nyekundu zake zikiwa mbichi zina rangi ya chungwa na zikiiva zinageuka njano. Nikisema dengu ni zile za mviringo rangi ya krimu, zina kama kidomo cha ndege pembeni. Za kijani ndogo mimi naziita choroko, nazo ni za muda mfupi, nusu saa mpaka dakika 40 hata bila kuloweka.

---

mamawawili

Natamani ningekuwa na hiyo stuli dada. Mimi nina watoto wawili chini ya miaka mitano, sufuria ikiwa motoni ndo wakati wanagombania kijiko kimoja wakati vijiko viko kumi. Sema nimesoma post yako nikakumbuka nilivokuwa nasoma kabla yao na nimepata uchungu fulani hivi.

JikoNaKurasa

Dada mamawawili pole, na huo uchungu naujua. Naomba nikuulize kitu, hao watoto wanasomewa? Maana dada yangu mkubwa yuko kwenye hali kama yako, yeye alichofanya akahamishia muda wa hadithi jikoni. Sufuria ikianza kuchemka wote wanakaa chini mlangoni, mbali na jiko, yeye anasoma kitabu cha watoto kwa sauti mpaka inapoiva. Anasema miezi miwili ya kwanza ilikuwa vurugu, sasa hivi wakisikia mfuniko unagongagonga wenyewe wanakwenda kuleta kitabu. Siyo riwaya yako, najua, ila ni kusoma na ni raha, na kuna vitabu vya watoto vimeandikwa vizuri kuliko riwaya nyingi za wakubwa nilizowahi kushika.

mamawawili

Ngoja nijaribu. Mlangoni siyo ndani, hapo umenipa wazo maana moto ndo hofu yangu.

---

Mlowekaji

Mimi nitapinga kidogo. Mapishi siyo ya kukaa na kitabu, kitunguu kinataka macho. Ukiacha kitunguu saumu dakika moja zaidi kinakuwa kichungu na mchuzi wote umekwenda. Nimewahi kuunguza sufuria nzima ya adesi kwa sababu ya riwaya ya upelelezi, zilishika chini mpaka nikaloweka sufuria siku mbili.

JikoNaKurasa

Uko sahihi kabisa na ndo maana nasema kuna muda wa mikono na muda wa kusubiri, visichanganywe. Kukaanga vitunguu, kuunga viungo, kukaanga nyanya ya kopo mpaka mafuta yajitenge, hapo kitabu kifungwe, na kiwekwe mbali na jiko kabisa maana bizari ya manjano ikishika karatasi haitoki. Nina riwaya moja ina alama ya dole gumba la njano ukurasa wa 112 mpaka leo.

Kuhusu kuungua, adesi nyekundu ndo zenye tabia hiyo, zikishaanza kupondeka zinakuwa nzito zinakaa chini. Mimi naweka maji vikombe vitatu na nusu kwa kikombe kimoja cha adesi, moto mdogo, mfuniko nusu, na nina saa ya jikoni ile ya kuzungusha kwa mkono, naitega dakika 7 naenda kukoroga, natega tena 7. Usitumie saa ya simu. Simu ikija mezani kutega saa haiondoki tena, utajikuta umejibu meseji tatu na kitabu kimefungwa.

---

sautimasikioni

Mimi natatua yote hayo kwa vitabu vya kusikiliza. Namenya, nakata, nakaanga, nakoroga huku masikioni kuna mtu ananisomea. Mwaka jana nimemaliza vitabu vingi kuliko miaka mitatu nyuma yote. Kwa asiyejua, kuna LibriVox, ilianza 2005, watu wa kujitolea wanasoma vitabu ambavyo haki zake zimeshaisha, unapakua bure kabisa. Na vya kusoma kwa macho kuna Project Gutenberg, hiyo ni ya zamani kweli, Michael Hart aliianzisha 1971 kabla hata watu wa kawaida hawajawa na kompyuta nyumbani.

Kifuniko_Wazi

Kusikiliza siyo kusoma lakini.

sautimasikioni

Kwa nini siyo? Hadithi nimeipata, wahusika nawajua, nimelia palipo na kulia. Hadithi zilikuwa zinasikilizwa muda mrefu sana kabla mtu yeyote hajajua herufi.

JikoNaKurasa

Mimi hapo naungana na sautimasikioni, ila kwangu vinafanya kazi mbili tofauti. Mikono ikiwa na kazi, nasikiliza. Mikono ikiwa huru, nasoma. Na kitu kimoja nimekigundua, kitabu chenye sentensi ndefu nzuri, zile za kurudia mara mbili kwa sababu ya utamu, nikisikiliza nakipoteza, siwezi kumwambia msomaji simama hapo niionje tena, yaani naweza lakini mikono ina unga. Vitabu vya matukio, vya safari, vya maisha ya watu, hivyo vinakwenda vizuri sana na kisu na ubao.

---

mgeni_wa_mboga

Jamani mimi nina mwezi wa pili tu tangu niache nyama na nitasema ukweli, chakula changu hakina ladha. Maharage yana ladha ya maji. Na maharage yenyewe hayaivi, jana nimechemsha masaa matatu bado magumu ndani, na nililoweka. Nimeanza kukata tamaa na kuna ndugu nyumbani wanasubiri kwa hamu nishindwe.

JikoNaKurasa

Karibu sana na usikate tamaa, hayo mambo mawili yote yana dawa. Niambie kwanza, hayo maharage uliweka nyanya au ndimu mwanzoni?

mgeni_wa_mboga

Nyanya ndio, naweka vyote pamoja, vitunguu nyanya maharage maji, nawasha moto.

JikoNaKurasa

Basi jibu ni hapo hapo. Uchachu unayazuia maharage kulainika. Kinachoshikilia ganda na chembe za ndani pamoja ni pektini, na pektini ikiwa kwenye maji yenye asidi haiyeyuki kirahisi, unaweza kuchemsha mpaka kesho. Nyanya, ndimu, siki, ukwaju, vyote viingie maharage yakishalainika kabisa, yaani ukiponda moja kwa ulimi kwenye kaakaa linasagika lote. Kitu cha pili ni maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, kalsiamu iliyomo nayo inaikaza hiyo pektini. Kama maji yako ni hayo weka robo kijiko cha chai cha bekingi soda kwenye sufuria, usizidishe maana ladha inageuka kama sabuni. Tatu, maharage yaliyokaa sana stoo kwenye joto na unyevu yanazeeka, mengine hayaivi tena hata ufanyeje, hayo siyo kosa lako.

Na watu watakwambia usiweke chumvi mwanzoni eti yanakuwa magumu. Ni kinyume. Loweka na chumvi, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, usiku mzima, asubuhi mwaga suuza chemsha na maji mapya. Sodiamu ya kwenye chumvi inachukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu kwenye ganda, ganda linakuwa laini halipasuki, na maharage yanakuwa na ladha mpaka ndani siyo mchuzi tu. Hiki kitu peke yake kitakubadilishia maisha nakwambia.

Sasa ladha. Nyama ilikuwa inakufanyia kazi ambayo sasa lazima uifanye mwenyewe, ndo siri nzima. Ule utamu wa kukolea mdomoni unaoupata kwenye supu, mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda aliutambua mwaka 1908 akichunguza supu ya mwani, akakuta unatoka kwenye kitu kinaitwa glutamati, akauita umami. Mwani siyo nyama mkuu! Yaani tangu mwanzo umami uligunduliwa kwenye mwani wa baharini. Glutamati iko kwenye nyanya iliyoiva, kwenye uyoga hasa uliokaushwa, kwenye sosi ya soya, kwenye nyanya ya kopo iliyokolea. Kaanga kijiko kimoja cha nyanya ya kopo kwenye mafuta mpaka ibadilike iwe nyekundu ya kahawia, alafu mwagia maharage yaliyokwishaiva, malizia na sosi ya soya kidogo na ndimu dakika ya mwisho. Na vitunguu usivikaange viwe vyeupe tu, vipe dakika 15 moto wa chini viwe rangi ya asali. Hapo utakuja kutoa taarifa.

Mlowekaji

Naongezea kwa mgeni: viungo vya mbegu kama bizari nyembamba na giligilani vikaange vikavu kwanza kwenye kikaango, vikianza kunukia tu toa, twanga. Unga wa paketi uliokaa mwaka kabatini ni vumbi.

---

nesi_wa_zamu

Naomba niingie kwa mambo mawili ya usalama maana uzi ni mzuri nisingependa mtu aumie.

La kwanza, maharage mekundu yale makubwa. Yakiwa mabichi yana kitu kinaitwa fitohemaglutinini, punje nne tano tu mbichi zinatosha mtu kutapika na kuharisha ndani ya masaa machache. Dawa yake ni ndogo: loweka angalau masaa 5, mwaga hayo maji, alafu yachemke kwa nguvu, namaanisha mapovu kabisa, dakika 10 kwa uchache na ukitaka uhakika 30, ndipo ushushe moto. Hatari iko kwa wale wenye masufuria ya umeme ya kupika polepole, yale yanapasha bila kufikia kuchemka, na joto la nyuzi 80 hivi haliui hiyo sumu na linaweza hata kuizidisha. Kwaiyo chemsha kwanza jikoni ndo uhamishie huko. Hiyo dakika 10 ya mwanzo usisome, simama hapo uangalie.

La pili ni vitamini B12. Mimea haina. Kuna watu wanakwambia mwani, wanakwambia vyakula vilivyochachushwa, usitegemee hivyo. Mwili una akiba kwenye ini inayoweza kwenda miaka, ndo maana mtu anaacha nyama anajisikia mzima mwaka wa kwanza wa pili, anafikiri haimhusu, baadaye ndo ganzi za vidole, kuchoka, kusahau. Mishipa ya fahamu ikishaumia muda mrefu siyo yote inarudi. The Vegan Society ya Uingereza inashauri ama upate vyakula vilivyoongezewa B12 mara mbili tatu kwa siku jumla angalau mikrogramu 3, ama kidonge cha mikrogramu 10 kila siku, ama 2,000 mara moja kwa wiki. Chagua moja ushikilie. Mjamzito na anayenyonyesha asiahirishe hata wiki, aongee na mtaalamu wake.

mgeni_wa_mboga

Asante dada nesi, hili la B12 hakuna aliyeniambia. Na protini je? Nimesikia lazima wali na maharage viwe sahani moja la sivyo haihesabiki.

nesi_wa_zamu

Hapana mdogo wangu. Ni kweli nafaka ina upungufu wa laisini na maharage yana upungufu wa methionini, hivyo ni vijenzi vya protini, vinasaidiana, ila mwili unakusanya kwa siku nzima, siyo lazima sahani moja. Wazo la sahani moja lilienezwa sana na kitabu cha Mmarekani Frances Moore Lappé cha mwaka 1971, na yeye mwenyewe kwenye toleo la 1981 akasahihisha. Nampenda kwa hilo, kurudi kwenye kitabu chako ulichouza kila mahali ukaandika hapa nilikosea. Kula mikunde kila siku, kula nafaka, soya inajitosheleza peke yake. Chuma: weka kitu chenye vitamini C kwenye mlo, ndimu, pilipili hoho, chungwa. Na chai au kahawa iwe mbali na chakula kama saa moja hivi, inazuia chuma kufyonzwa.

JikoNaKurasa

Hilo la chai limenipata mimi moja kwa moja, maana kitabu na chai na sahani vyote vilikuwa pamoja. Nahamisha chai kwenye muda wa kusubiri badala ya muda wa kula. Asante sana dada.

---

ratiba_ngumu

Samahani nitasema tofauti. Kusoma riwaya ni sawa ila ukipata hiyo saa moja ya bure si bora usome kitu cha kukujenga, biashara, nidhamu, fedha? Hadithi zinakupa nini?

JikoNaKurasa

Mkuu naheshimu, ila hapa sirudi nyuma. Nilisoma hivyo vitabu vya kujijenga mfululizo karibu mwaka mzima na ndivyo vilivyoniua kusoma, kila ukurasa nilikuwa nadaiwa, fanya hiki, acha kile, amka saa kumi. Kazini nadaiwa, nyumbani nadaiwa, na kitabu nacho kinanidai. Riwaya hainidai kitu. Naingia kwenye nyumba ya mtu ambaye hayupo na nakaa naye, nikitoka nimemuelewa mtu mmoja zaidi ya nilivyoingia, na hata kama nisingemuelewa, nimefurahi, na furaha ya saa moja kila jioni mimi siiiti kitu kidogo. Chakula nacho kingekuwa cha virutubisho tu tungekula vidonge. Tunaweka ndimu na giligilani kwa sababu tunataka kiwe kitamu.

Na mwingine asijilazimishe kumaliza. Kitabu kikikushinda kurasa 50 kirudishe kabatini, chukua kingine. Mimi nilikuwa na kosa hilo, kitabu kimoja kibaya kinaniziba miezi mitatu kwa sababu "siwezi kuanza kingine kabla sijamaliza hiki".

ratiba_ngumu

Hapo kwenye kudaiwa umenishika kidogo. Nisome nini basi cha kuanzia?

Kifuniko_Wazi

Anza na hadithi fupi mkuu na adesi nyekundu haha, vyote dakika 20.

---

msomajiwausiku

Swali, hamoni kusoma vipande vipande hivi kunaharibu riwaya? Mimi nikianza nataka nimalize kwa siku mbili, nikikata dakika 20 leo dakika 40 kesho napoteza uzi.

JikoNaKurasa

Wiki ya kwanza nami nilipoteza. Baadaye nikaona kinyume, mchana kazini najikuta nawaza yule mama kwenye kitabu atafanyaje, jioni narudi na hamu mbili, ya chakula na ya sura inayofuata. Na siyo jambo geni, Charles Dickens, mwandishi Mwingereza, riwaya yake ya kwanza ilitoka kwa vipande kila mwezi kuanzia 1836, wasomaji wakangoja mwezi mzima kati ya kipande na kipande na ndivyo walivyompenda. Kinachonisaidia ni kukata katikati ya tukio, siyo mwisho wa sura. Mwisho wa sura umetulia, kesho huna haraka. Ukikata mtu ameshika kitasa cha mlango, kesho maharage utayaweka jikoni mapema.

---

Mlowekaji

Kitu cha mwisho toka kwangu kwa wanaochemsha dengu, yale maji usimwage. Mfaransa Joël Roessel mwaka 2014 alionyesha kwamba yanapigwa yakawa povu jeupe kama ute wa yai. Yaache yapoe yawe mazito kidogo kama ute, vijiko vitatu vya chakula ni sawa na yai moja kwenye keki. Na kama huna, kijiko kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa na vitatu vya maji, acha dakika 10 zivute. Kwenye chapati za maji na biskuti zinashika vizuri.

mamawawili

Narudi na taarifa. Leo tumekaa mlangoni. Dakika tano za kwanza mdogo alikuwa anataka kula kitabu, mkubwa akamwambia nyamaza nasikia. Adesi zimeiva tukiwa ukurasa wa nane na wamekataa kula mpaka tumalize. Tumekula adesi za vuguvugu na hakuna aliyelalamika.

JikoNaKurasa

Dada nimefurahi mpaka nimeshindwa kuandika vizuri. Usisahau tu kuwaongezea kurasa, kesho dengu 😊

mgeni_wa_mboga

Nami nimerudi wakuu. Nililoweka na chumvi jana usiku, nyanya nimeiweka kando mpaka mwisho, vitunguu dakika 15 kama ulivosema. Saa moja na dakika kumi, nimeponda moja kwa ulimi, limesagika lote. Ndugu yangu yule niliyemsema ameonja na kijiko, hakusema kitu, akachukua sahani. Nimezima moto tangu saa mbili, bado niko kwenye stuli, nimebakiza kurasa 12.